Samaki wa Makundi Kwenye Tangi Kubwa la Maji ya Chumvi, Hapa Mwisho wa Reli: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tangi langu lina urefu wa mita 3, upana wa sentimita 90 na kimo cha sentimita 75. Maji yake ni karibu lita 2,000, yaani tani mbili kabla hujahesabu kioo na mawe, kwa hiyo mgeni akiingia sebuleni jambo la kwanza huangalia sakafu. La pili huuliza: "Mbona hawaendi pamoja kama wale wa kwenye televisheni?" Nimelijibu swali hilo hapa Kigoma sokoni Mwanga, kwenye mtumbwi wa Kibirizi na hata msibani. Sasa nimeliandika, pamoja na ndugu zake.

Ziwa lote hili, na bado unataka bahari?

Swali la haki. Ziwa Tanganyika lina aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii ya sikilidi, karibu wote hawapatikani kwingine duniani, na kuna watu Ulaya na Marekani wanaolipia ndege ili wawapate. Mimi nimekua nikiwaona. Nilichotamani ni kile nilichokiona Mafia siku moja nikiwa na miwani ya kuzamia: wingu la samaki wa rangi ya chungwa juu ya tumbawe, wakipanda na kushuka kama moshi. Kama wewe huna kiu hiyo, shuka moja kwa moja hadi swali la kundi la ziwani. Utaokoa pesa na usingizi.

Maji ya ziwa letu si yana chumvi kidogo? Nikiongeza ya Uvinza si yanakuwa bahari?

Hapana, na kwa mtu wa huku hili ndilo kosa linalokula hela kuliko yote, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Ni kweli maji ya ziwa yana madini, na pH yake, kile kipimo cha uchachu wa maji ambacho kikiwa juu ya 7 maji si machachu, inazunguka 9. Lakini ukikausha lita moja, mabaki yote hayafiki gramu 1. Lita moja ya bahari inaacha kama gramu 35. Chumvi ya Uvinza nayo, ambayo watu wameichemsha kutoka kwenye chemchemi zile kwa zaidi ya miaka elfu moja, kwenye mchuzi wa migebuka haina mpinzani. Ila ni kloridi ya sodiamu karibu tupu. Katika zile gramu 35 za bahari, kloridi na sodiamu huchukua kama gramu 30. Zinazobaki ni salfati, magnesiamu kama gramu 1.3, kalsiamu na potasiamu kama gramu 0.4 kila moja, na vitu vingine vidogo vidogo. Samaki wa baharini hunywa maji anayoishi ndani yake, mchana na usiku. Mwili wake umeundwa kushughulika na mchanganyiko ule, si na chumvi ya mezani.

Basi nichukue maji ya ziwa na chumvi ya akwariamu ya dukani? Nilijaribu. Maji ya Tanganyika yana bikabonati mara mbili na zaidi ya zile za bahari. Ukimwagia chumvi yenye kalsiamu nyingi juu yake, maji yanageuka meupe kama ya muhogo, na asubuhi pampu imevaa ukoko mgumu. Ya mvua yaliyopita kwenye mabati yanabeba zinki, nayo ni sumu kwa matumbawe na konokono. Njia salama ni maji yaliyochujwa kwa RO, mashine inayoondoa karibu kila kilichoyeyuka ndani yake, kama ya wale wanaojaza madumu ya kunywa. Kwa tangi kama langu hayo ni madumu mia moja ya lita 20 na kilo 70 za chumvi ya akwariamu. Baada ya hapo, kila ukibadilisha asilimia 10, ni madumu kumi na kilo saba.

Na yanapopungua kwa kukauka, hasa upepo wa kiangazi ukivuma kati ya Juni na Septemba, unaongeza maji matamu. Chumvi haikauki, imebaki ndani. Nimeona mtu akiongeza ya chumvi kila wiki mpaka kipimo kikafika gramu 42 kwa lita.

Tusijilaumu sana lakini. Mwishoni mwa karne ya 19 mtaalamu wa Uingereza, J. E. S. Moore, alikuja hapa akaona konokono wanaofanana na wa baharini, akaona na yavuyavu, yale madude laini yanayoelea mfano wa kitone cha utelezi, akaamini kwamba ziwa hili lilikuwa bahari. Hata yeye lilimdanganya.

"Samaki wa kundi" maana yake ni nini hasa?

Hapa ndipo penye mzizi wa kila kitu, na ukipaelewa maswali mengine utayajibu mwenyewe.

Wako samaki wanaokusanyika tu: wako mahali pamoja, lakini kila mmoja anakula kivyake na kugeuka kivyake, kama watu gulioni. Na wako wanaokwenda gwaride: vichwa upande mmoja, nafasi ileile baina ya mmoja na mwenzake, akigeuka wa mbele wamegeuka wote. Wanatumia macho, na wanatumia mstari wa ubavuni, ule msururu wa vitundu unaohisi maji yanavyosukumwa na jirani. Wengi tunaowaita wa kundi ni wa aina ya kwanza, na huingia kwenye aina ya pili kwa muda tu, wakiwa na sababu.

Sababu ni ipi? Nenda na wavuvi wa dagaa usiku usio na mwezi. Taa zikiwashwa, vidudu vya maji vinakuja kwenye mwanga, na dagaa wanafuata. Wakiwa wametulia utawaona wanazunguka ovyo, mmoja huku mmoja kule, wanadonoa. Kisha migebuka inapanda kutoka gizani, na kufumba na kufumbua wale dagaa wamekuwa mpira mmoja unaometa. Migebuka ikiondoka, mpira unalegea.

Kile unachokipenda kwenye televisheni ni hofu. Samaki wanabanana kwa sababu aliye katikati ana nafasi ndogo ya kuliwa kuliko aliye pembeni, na mwindaji akiona miili mia inayometa kwa pamoja hajui amkamate yupi. Sasa wewe unawaleta sebuleni, unawapa chakula kwa saa, hakuna mgebuka. Siku za mwanzo wanaogopa kila kitu, hata shati lako, kwa hiyo wanakwenda pamoja na unapiga picha unawatumia jamaa. Baada ya mwezi wamegundua kwamba hakuna wa kuwala. Kundi linafunguka, na mahali pa hofu panaingia cheo: nani mkubwa, nani akae pembe ile, nani ale kwanza.

Kwa hiyo unapochagua, usiulize tu kama aina fulani huishi makundi baharini. Uliza ikishaacha kuogopa inakuwaje.

Fundi, nilinunua kromisi kumi na wawili, wamebaki watatu. Nimekosea wapi?

Pole. Mimi nilianza na kumi na wawili vilevile, na kwa miezi kumi na minne walifika watatu, hawa ninao mpaka leo na wana afya kama wamiliki wa nyumba.

Kromisi wa kijani, *Chromis viridis*, wapo pwani yetu wenyewe, kuanzia Bahari ya Shamu hadi Pasifiki. Baharini utakuta mamia juu ya tumbawe moja la matawi, na kivuli kikipita wote wanazama ndani ya matawi kama maji yanavyonywewa na mchanga. Ni wa bei nafuu na ni wazuri, ndiyo maana kila mwongozo unawataja kwanza. Lakini wao ni jamii ya damsel, na damsel ni wagomvi wa kuzaliwa. Mkubwa anamsumbua mdogo kabisa. Hamuumi sana, anamfukuza tu, kila saa, mpaka yule anaacha kula na kukaa juu karibu na pampu. Akifa, wa pili kutoka mwisho anakuwa wa mwisho. Hawafi kwa mkupuo, wanahesabiwa kama shanga za tasbihi.

Kuna na ugonjwa unaowapenda, unaoletwa na kijidudu kiitwacho *Uronema*: kidonda chekundu ubavuni, na siku mbili tatu samaki hayupo. Ukiona chekundu mtoe mara moja.

Ukiwataka bado, wape nafasi ya kushindwa bila kufa. Wanunue wote siku moja, wadogo, wa kimo kimoja, ishirini badala ya saba ikiwa tangi ni la lita 2,000, maana ukali wa mmoja ukigawanywa kwa ishirini haumuui mtu. Weka matawi mengi, ya matumbawe au ya bandia, kila mmoja apate pa kujificha. Walishe mara tatu kwa siku. Na ujiandae kisaikolojia kwamba mwaka ukiisha utakuwa na kumi hivi. Kwangu mimi hilo si kundi, ni kuchelewesha hesabu, ndiyo maana sijawarudia.

Basi niambie wa kuchagua.

Wanaonifurahisha ni anthia, *Pseudanthias squamipinnis*, wale wa moshi wa chungwa niliowaona Mafia. Wao hawategemei hofu peke yake, wana ukoo. Majike wana rangi ya chungwa, dume ni wa zambarau na ana mwiba mmoja mrefu mgongoni kama antena. Wote huzaliwa majike. Dume akifa, jike mwenye cheo anabadilika kuwa dume ndani ya wiki chache. Usinunue madume wawili kwa kuwa wamependeza. Chukua dume mmoja na majike sita au wanane, au chukua majike watupu uache wachaguane. Dume anacheza mbele yao, anapanda anashuka, na majike nao wana daraja zao, na mkikimikiki huo ndio unaolifanya kundi liwe hai hata bila adui. Gharama yake ni tumbo: baharini wanadonoa vidudu siku nzima, kwa hiyo mlo mmoja kwa siku ni kuwaua polepole. Milo mitatu, minne ni bora. Ukiwa mtu wa kusafiri, anthia si wako.

Mono, *Monodactylus argenteus*, ndiye ninayemshauri mtu anayeanza. Ni wa fedha, bapa kama sahani, na huyu ni mtu wa gwaride kweli, hata akiwa ameshiba. Anaishi kwenye midomo ya mito na mikoko, pamoja na pwani yetu, kwa hiyo kipimo chako cha chumvi kikiyumba kidogo yeye hana habari. Sita ndio mwanzo, kumi ni bora. Anakua hadi sentimita 25, na hapa ndipo urefu wa tangi unapohitajika: mita 3 zinamtosha, mita 1 na nusu ni dhuluma. Watu wa matumbawe wanamdharau kwa kuwa hana rangi. Waache. Jioni taa ikiwa ya pembeni na mono kumi wakageuka pamoja, hakuna mgeni anayeuliza habari ya rangi.

Kadinali wa pajama, *Sphaeramia nematoptera*, ni wapole, wanaelea mahali pamoja kama watu wanaosubiri daladala. Ukiwa unataka mwendo hawatakupa, ukiwa unataka amani watano hadi wanane hawatakusumbua. Ila usiwachanganye na kadinali wa Banggai, *Pterapogon kauderni* wa Indonesia. Hao wakikomaa wanapata wenza, na wenza wakishapatana wanamaliza waliobaki.

Kuna pia yule mwenye bendera ndefu mgongoni, *Heniochus diphreutes*, jamii ya vitatange. Anakaa makundi na anakula vidudu vya majini. Ana pacha wake, *Heniochus acuminatus*, anayefanana naye mpaka wauzaji wanakosea, lakini huyo akikomaa ni wa wawili wawili na anadonoa matumbawe. Mtazame mdomo: pacha ana pua ndefu kidogo. Kama muuzaji hawezi kukutumia picha ya ubavu, acha.

Kangaja wa njano je? Nimeona video wako hamsini.

Kangaja wote wana kisu shinani mwa mkia, na wanajua kukitumia. Wa njano, *Zebrasoma flavescens*, kwao ni Hawaii, siku hizi wanazalishwa pia na wafugaji. Kundi linawezekana kwenye lita 2,000: watano au saba, kimo kimoja, waingie siku moja, na waingie mwisho baada ya samaki wengine wote. Ukiingiza watatu leo na wawili mwezi ujao, wale wawili umewanunulia jeneza. Kangaja wa buluu wa Bahari ya Hindi, *Acanthurus leucosternon*, ni mmoja tu kwa tangi. Usijaribu wawili.

Kuna wadogo weusi wenye mistari myeupe wanaoviringika kama mpira. Je hao?

Kambale wa baharini, *Plotosus lineatus*. Wakiwa wadogo ndio kundi zuri kuliko yote, mpira unaotambaa juu ya mchanga, wa nyuma wanapanda kuwa wa mbele. Wanakua hadi sentimita 30, wakikua wanaachana, na kila kinachoingia mdomoni wanakimeza. Miiba yao ina sumu, wavuvi wa pwani wanaijua vizuri. Kwa nyumba yenye watoto, hapana.

Rafiki amenishauri niweke chewa mdogo ili awatishe wakae pamoja.

Rafiki huyo amesikia nusu ya habari. Ni kweli kitu kikubwa kinachopita kinawakusanya, na kangaja mkubwa mtulivu au puju hufanya kazi hiyo bila kumla mtu. Chewa atafanya vizuri miezi sita. Kisha utaanza kuhesabu samaki asubuhi na kumlaumu paka.

Idadi ni lazima iwe witiri?

Nimesoma hivyo, nimeambiwa hivyo, na sijaona samaki anayejua kuhesabu. Kilicho muhimu ni kwamba wawili ni vita, watatu ni wawili kumwonea mmoja, na kuanzia sita au saba ugomvi unaanza kutawanyika.

Ile kanuni ya sentimita moja ya samaki kwa lita kadhaa nayo isahau. Mono wa sentimita 20 na mkunga wa sentimita 20 hawali sawa, hawachafui sawa, hawahitaji nafasi sawa. Mimi kwenye lita 2,000 nina mono wanane, anthia saba, kadinali sita, kangaja mmoja na wale kromisi watatu, na sioni pa kuongeza.

Waingie kwa mpangilio gani?

Wanyonge kwanza, wakorofi mwisho, na kila kundi kwa siku yake moja. Kabla ya wote, tangi likae wiki nne hadi sita bila samaki, likiwa na mawe na chanzo cha amonia, ile sumu inayotokana na uchafu wa samaki, mpaka bakteria wanaoivunja wajengeke. Pima: amonia sifuri, nitraiti sifuri. Kwenye maji ya pH 8.2 amonia kidogo tu ina sumu kuliko kwenye maji ya kisima, kwa hiyo usiseme "kidogo si neno". Halafu kadinali, baada ya wiki kadhaa anthia, kisha mono, kangaja mwisho. Ukileta samaki thelathini siku moja bakteria hawatafuata mwendo wako.

Mpangilio ukishaharibika, na mkorofi ameshamiliki tangi, hamisha mawe. Nyumba ikivunjwa hakuna mwenye nyumba. Yakihamishwa siku ileile unayoingiza wageni, wote wanaanza upya.

Wanafikaje Kigoma wakiwa hai?

Kwa ndege. Reli imefika hapa tangu mwaka 1914, lakini kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200 na samaki wa bahari hana subira ya behewa. Wanafungwa kwenye mifuko ya nailoni, theluthi maji na theluthi mbili oksijeni, ndani ya boksi jeupe la kuhifadhia barafu. Mwambie muuzaji asiwalishe siku moja au mbili kabla, ili wasichafue sana maji ya mfuko. Na wale wa kundi wafungwe kila mmoja mfuko wake: wakibanwa pamoja kwa saa nane wanachomana miiba.

Wakifika, kuna kosa ambalo watu makini ndio hulifanya zaidi. Wanafungua mfuko na kudondoshea maji ya tangi taratibu kwa saa mbili. Ndani ya mfuko ule, hewa chafu ya samaki imeshusha pH, na pH ikiwa chini amonia iliyojaa mle inakuwa pole. Ukifungua, hewa inatoka, pH inapanda, na ile amonia inageuka sumu wakati samaki bado yumo. Kwa hiyo muulize muuzaji mapema chumvi yake ni kiasi gani, andaa tangi la karantini kwa kipimo hichohicho, acha mfuko uliofungwa uelee juu ya maji hayo kwa dakika 15 hadi 20 joto lilingane, fungua, mtoe samaki, maji ya mfuko mwaga.

Hakikisha pia muuzaji ana kibali cha kukamata samaki wa mapambo, na kwamba hawatoki ndani ya hifadhi ya bahari. Samaki wa wizi huwa pia wamekamatwa vibaya, wanakufa wiki ya pili.

Karantini ni lazima? Wanaonekana wazima.

Lazima. Wiki nne hadi sita, kundi zima pamoja, kwenye tangi tupu lenye vipande vya bomba vya kujifichia. Ugonjwa wa madoa meupe, *Cryptocaryon irritans*, ukiingia tangi kubwa huwezi kutia dawa ya shaba bila kuua kamba, konokono na matumbawe. Itabidi uwatoe samaki wote na tangi likae bila samaki miezi miwili na zaidi. Nimewahi kufanya hivyo. Nilikuwa nakaa mbele ya tangi la lita 2,000 lisilo na samaki, nikinywa chai.

Naweza kuwalisha dagaa wetu?

Mara mojamoja, ndiyo. Mlo wa kila siku, hapana. Dagaa ni jamii ya sardini, na samaki wengi wa jamii hiyo wakiwa wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, kwa hiyo anayekula hao tu kwa muda mrefu anadhoofika na kuyumba. Ukiwachemsha kidogo kimeng'enya kinakufa. Wale wa kuanikwa mchangani wana mchanga, sote tunaujua. Chakula kikuu changu ni kamba waliogandishwa, nawasaga, nachanganya na mwani kwa ajili ya kangaja. Anthia wanataka vipande vidogo kama chenga za mchele. Uduvi mkavu wa pwani unafaa ukilowekwa utoke chumvi.

Mwaga sehemu mbili za tangi kwa wakati mmoja. Mkorofi hawezi kulinda pande zote.

Umeme ukikatika?

Oksijeni kwanza, mengine baadaye. Maji ya joto yenye chumvi hubeba oksijeni kidogo kuliko matamu, na sisi tuko zaidi ya mita 770 juu ya usawa wa bahari, hewa yenyewe ni nyepesi kuliko ya Dar. Samaki wa makundi wanaogelea bila kupumzika, wanaimaliza upesi, na huanza kuhema juu mono kwanza. Pampu ndogo ya hewa yenye betri, mawe mawili ya mapovu, na usiwalishe mpaka umeme urudi. Kwangu ipo betri ya sola inayobeba pampu moja ya mzunguko usiku kucha. Taa na mashine ya povu, ile inayotoa uchafu majini, zinaweza kusubiri.

Kaka, hela hiyo sina. Hakuna kundi la ziwani?

Lipo, na pengine ni bora kuliko langu. *Cyprichromis leptosoma* anaishi maji ya wazi mbele ya miamba, akidonoa vidudu, kwa mamia. Madume wa kundi moja, wengine wana mikia ya njano na wengine ya buluu, hata hujui utazame upi. Chukua kumi na wawili au zaidi, dume mmoja kwa majike wawili au watatu, tangi la urefu wa mita 1 na nusu au zaidi. Hakikisha lina mfuniko, kwa sababu wanaruka. Jike anatamia mayai mdomoni kama wiki tatu, na ukimwona amevimba shavu hali chakula usimsumbue.

Maji unachota ziwani, mbali na gati na mifereji, unayaacha yatulie, basi. Hakuna kilo 70 za chumvi. Hata pH huhitaji kuigusa. Kumkamata ili umfuge kwa biashara kunahitaji leseni ya uvuvi, lakini kuwanunua wachache kutoka kwa wenye leseni si shida mjini hapa.

Usimchanganye na kuhe, hata mtoto wa kuhe. Jibu ni lile la chewa.

Na dagaa wenyewe, siwezi kuwaweka tangini?

Kila kijana wa Kibirizi amejaribu, kwenye ndoo. Magamba yao yanatoka ukiwagusa tu, wanakosa hewa upesi, na wakishtuka wanajigonga. Lumbu, *Limnothrissa miodon*, mmoja wa dagaa wa ziwa hili, walipelekwa Ziwa Kariba miaka ya 1960 wakashika, lakini hiyo ilikuwa kazi ya wataalamu na ndege, na wengi walifia njiani.

Usiku nikizima taa wanalala wapi? Bado ni kundi?

Sio. Wasipoonana hakuna gwaride. Nenda saa tano na tochi iliyofunikwa kitambaa chekundu, usiwashe taa kubwa. Kromisi kila mmoja yuko ndani ya tawi lake. Anthia wameingia mashimoni, dume shimo la juu. Kangaja amebadilika rangi, amekuwa na madoa, usifikiri anaumwa. Kadinali ndio wameamka, wametawanyika wanawinda. Mono wamebaki katikati ya maji, wameachana kidogo, vichwa kila upande, mapezi yanatikisika polepole. Ukimulika kwa ghafla wanabanana pembeni mwa kioo, wanane kama mmoja, na inawachukua nusu saa kuachana tena.